Viatu vya Kasereka

Harufu ya maharage na puaro, vile vitunguu virefu vitokavyo Masereka, ndiyo iliyoniambia kwamba kuna mtu amekufa. Nilikuwa nimefika Butembo mchana huo, baada ya miaka thelathini na moja Ubelgiji. Dada yangu mdogo, Kahindo, aliweka sahani mbele yangu hata kabla ya salamu, akakaa, akatazama mikono yake. Hakuna aliyeuliza habari za safari. Nami nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mtu mmoja tu: kaka yetu mkubwa, Paluku, nimwombe msamaha.

Kwetu, mtu aliyetoka mbali haambiwi msiba njiani, wala akiwa na njaa. Anaingia, ananawa, anakula hadi ashibe. Ndipo baba mdogo anakohoa na kusema. Nalijua sharti hilo vizuri, wasomaji wangu, kwa sababu niliwahi kulivunja.

Nilikuwa na miaka minane hivi. Paluku alikuwa amekaa Uganda miaka mitano, akichuma kahawa ya watu, na sasa alikuwa anakuja kututembelea. Katika miaka hiyo surua ilimchukua Kasereka, wa tatu wetu, ambaye mimi nilimfuata. Paluku ndiye aliyekuwa amemlea mgongoni. Hakuna aliyepata moyo wa kumwandikia. Asubuhi mama alitukusanya jikoni, moshi wa mkaratusi ukitutoa machozi, akatunyooshea kidole: "Musimuambie kitu mbele hajakula. Mumesikia?" Tukasema tumesikia.

Lakini mimi na Kambale, wa pili, tulikimbia hadi barabarani liliposimama lori la kutoka Beni. Paluku alishuka na sanduku la bati, mwembamba, ananuka petroli na sabuni ya kigeni. Furaha ilimshinda, akalifungua sanduku palepale kwenye matope.

"Kambale, ungali unakojoaka kwa kitanda? Shika shati!" Kisha akatoa viatu vyeusi vya ngozi, vyenye kamba. "Na hii ni ya Kasereka. Ule mwizi wa ndizi iko wapi?"

Sikuwa nimewahi kuvaa kiatu. Kambale alinikanyaga mguu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye zile kamba.

"Kasereka haiko," nikasema. "Alikufaka. Unipatie miye."

Paluku aliketi juu ya sanduku. Hakulia. Alinivalisha viatu mwenyewe, akafunga kamba za kimoja, kisha za kingine, polepole, kana kwamba miguu ile haikuwa yangu.

Nyumbani hakumgusa kuku aliyechinjiwa. Alilala siku mbili akitazama ukuta. Siku ya tatu akarudi Uganda. Mama hakumwona tena. Paluku aliporudi Butembo kuishi, mama alikuwa ameshazikwa.

"Kakule," mama aliniambia jioni ile Paluku alipoondoka, "ulimufungia ndugu yako mulango."

Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu lilikuwa tamaa ya viatu. Kisha nikaambiwa kifo cha baba kwa simu, nimesimama kituo cha basi huko Ubelgiji, katikati ya watu wasionijua. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba chakula kile hakikuwa cha tumbo. Mama alitaka Paluku ayapokee yale maneno akiwa ndani, kati ya watu ambao wangemshika. Mimi nilimpa kwenye matope, mkono wangu ukiwa umenyooshwa kuomba. Niliandika barua za msamaha, nikazichana. Nilijiambia nitamwomba ana kwa ana, mwaka ujao, na mwaka ujao.

Nilipomaliza kula, Kahindo akaniambia. Paluku alikuwa amezikwa miaka miwili iliyopita.

"Na mulinificha miaka mbili yote, kwa simu?" nikafoka.

"Hapana, kaka, hatukukuficha," akasema taratibu. "Kila siku ya Mungu ulikuwa unatupigia. Hata mara moja haukumuuliziaka."