Namna nilivyogawana vidonge na mama mukwe, na namna tulivyoshushwa wote wawili pale Nchelenge

Wakuu, wa pwani, wa bara na wa huku Katanga, muko salama?

Nimesoma uzi wa yule dada anayesema amechoka na prednisolone, uso umemvimba, na kesho anazitupa zote chooni. Dada, ngoja kidogo. Mimi ni muzee, naandika na kidole kimoja kwa sababu vingine vimepinda, kwa hiyo itachukua muda. Lakini ninayosema sikuyasikia kwa mutu. Yalinipata mwenyewe.

Shule nilifika Sub B tu, darasa la pili. Swahili yangu ni ya kuuzia samaki ngambo ya Congo, mutanivumilia.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya hamsini, wakati inchi nilikozaliwa ilikuwa bado Northern Rhodesia. Nilikuwa kijana, nimeoa pale Kabuta, kwenye ziwa Mweru. Bibi yangu alikuwa Mwansa. Tulikuwa na mwaka mmoja tu ndani ya nyumba wakati vidole vyangu vilianza kuvimba.

Kwanza vidole, kisha magoti. Asubuhi nilikuwa sawa na mutu aliyekaushwa juu ya moto. Mwansa alikuwa ananifungia mikanda ya kaptula. Mvuvi asiyeweza kushika wavu, wakuu, huyo ni nani?

Chisha, kaka ya bibi yangu, akanipandisha kwenye baiskeli yake juu ya kitunga cha samaki, akanipeleka kwa hospitali ya misioni kule Nchelenge. Dokta alikuwa mama wa kizungu, Kibemba chake kilitokea puani. Akanikamata vidole kimoja kimoja. Akasema ugonjwa huu hauponi, lakini kuna dawa mpya. Ikaitwa kotizoni, ndugu ya hiyo prednisolone yako, dada.

Ile wiki ya kwanza, siwezi kuisema vizuri. Siku ya tatu nilifunga mikanda mwenyewe. Siku ya saba nilivuta wavu peke yangu, Chisha amekaa tu ananiangalia. Nilikula bukari, ugali wetu, kama watu watatu. Kisha uso ukawa duara, mashavu yakaniziba macho.

Watu wa pale ziwani wakanicheka. "Mulamu, siku hizi unakula mezani kwa bwana DC?" Nikawajibu ndiyo, na jana alininawisha mikono. Tulikuwa tunacheka sana zamani, sijui siku hizi watu wanacheka wapi.

Bon, basi. Baada ya miezi dokta akasema sasa tutashuka. Kupunguza nusu kidonge kila baada ya wiki kadhaa, polepole, na nisiache ghafla hata siku moja. Dresa wake, muzee wa kutoka Mwansabombwe mwenye miwani iliyofungwa na kamba, akanieleza.

"Ndani ya mwili wako kulikuwa na mufanyakazi. Hii dawa ilipokuja, yule mufanyakazi akaenda kulala. Ukiifukuza dawa leo, nani atafanya kazi? Inatakiwa umuamshe polepole. Ni muvivu."

Nikasema nimesikia.

Sasa hapa inabidi muelewe desturi yetu. Kule, mukwe mwanaume na mama wa bibi yake hawaangaliani. Hawasemi. Mukikutana njiani, wewe unaingia majanini mpaka apite. Ni mpaka siku wakupikie chakula kikubwa cha kukuingiza, ndipo unaweza kukaa naye. Mimi nilikuwa sijaingizwa. Mwaka mzima nilijua mama mukwe kwa mugongo wake na kwa sauti nyuma ya ukuta.

Mama mukwe alikuwa na magoti mabaya. Akaona mukwe wake aliyebebwa kwenye baiskeli sasa anaruka kutoka mtumbwini. Alifanya nini? Alituma sahani. Bukari, kuku muzima, na pembeni kikopo kidogo kitupu.

Mwansa akaiweka mbele yangu. Nikamuuliza hiki kikopo ni cha nini. Akasema, "Mama anasema magoti yake pia ni magoti."

Wakuu, sahani ya mama mukwe hairudi tupu. Ukiirudisha tupu umemutukana yeye na mutoto wake. Na kumueleza maneno ya dokta siwezi, maana hatusemi. Ningemtuma Mwansa, lakini angesema nini? Kwamba mume wake ananyima mama yake? Nikatia vidonge sita.

Alipona. Akaenda shambani kwake kulima mihogo akiimba. Baada ya wiki mbili, sahani nyingine, na kikopo kikubwa zaidi, na hivyo hivyo kwa miezi.

Kwa hiyo mimi sikushuka kwa hesabu ya dokta. Nilishuka kwa hesabu ya kikopo. Mara nusu, mara robo, mara siku mbili bila kitu. Mpaka siku tatu bila kitu kabisa.

Siku ya nne tulikuwa ziwani na Chisha, jua katikati. Nikaanza kutapika. Mikono ikawa baridi, kichwa kikaenda mbali, maungo yote yakarudi kuuma pamoja. Nikamwambia Chisha anilaze chini. Akafikiri namtania kwa sababu wavu ulikuwa muzito. Kisha akaona midomo yangu.

Nilizinduka hospitalini na sindano mukononi. Dokta alikuwa amekasirika mpaka Kibemba kikamwisha. Dresa akaniuliza, "Vidonge viliuzwa?" Nikageuza uso. Kumtaja mama mukwe, hapana.

Kesho yake, saa tisa ya jua, nikasikia sauti nyuma ya ukuta. Ametembea kwa muguu kutoka Kabuta tangu asubuhi.

"Dresa, mwambie yule mutu aliye mule ndani, nguvu zake nilikula mimi."

Dresa akasema, "Mama, nitamwambia, lakini amesikia."

Dokta akamuita, akampima, akauliza alikula dawa kwa muda gani. Kisha akasema huyu pia haendi nyumbani. Huyu pia atashushwa.

Munaona sasa. Mukwe na mama mukwe, hospitali moja, dawa moja, foleni moja ya asubuhi kwenye dirisha la dresa. Yeye amenigeuzia mugongo, mimi nimesimama majanini. Wagonjwa wengine walikuwa wanakuja mapema kutuangalia tu.

Na Mwansa alibaki Kabuta na mimba ya kwanza, tumbo limekuwa kubwa, baiskeli haimuwezi tena. Mama yake alitakiwa kuwa pale. Mimi nilitakiwa kuwa pale. Wote wawili tulikuwa huku tunakatiwa vidonge na wembe.

Kila walipopunguza, maungo yalilia wiki nzima. Mwili unaitamani ile dozi ya zamani sawa mutu anavyotamani mutu. Lakini kilichoniuma zaidi ni sauti. Mama mukwe akipika nyuma ya ukuta wa matete akisema na wanawake wengine, ilikuwa sauti ya Mwansa kabisa. Mwansa mwenye umri. Nilikuwa nasogeza mukeka karibu na ukuta nisikilize. Alikuwa anaongea juu ya chumvi, kuni, sijui nini. Mimi nilisikiliza.

Mutoto alizaliwa. Habari ilikuja na watu wa baiskeli wanaopeleka samaki bara. "Ni musichana, bibi yako ni muzima, anauliza unarudi lini." Nikamuuliza yule mutu mutoto anafanana na nani. Akasema, "Mimi nilibeba samaki makobo, sikubeba sura."

Tangu siku ile sikutulia. Dokta alisema ataniruhusu nikifika robo na mwili umekubali. Mimi nikafikiri, kama sili dawa kabisa nitafika haraka. Nikaanza kuficha kidonge chini ya ulimi. Dresa akigeuka, natema kwenye muchanga.

Siku ya pili mama mukwe alikuwa anafagia. Kuku alikuwa anadonoa kitu cheupe. Akamfukuza, akakiokota.

Nikamuona amesimama na kile kidonge. Nikaanza kuingia majanini kama kawaida.

"Simama hapo," akasema.

Akageuka. Wakuu, nilikuwa sijawahi kuona uso wake. Na wenyewe ulikuwa umevimba duara, sawa wangu. Tulifanana sawa mapacha.

"Mutoto wangu nimemuacha azae peke yake juu ya tamaa yangu. Sasa wewe unataka umuache mujane juu ya haraka yako? Fungua mudomo."

Nikafungua. Akakifuta kwa kitambaa chake, akakitia yeye mwenyewe, akangoja mpaka nimeze.

Dresa dirishani akasema, "Mama, mumevunja miko."

"Nitalipa kuku," akajibu. "Huyu huyu anayekula dawa ya watu."

Tangu hapo kila asubuhi alisimama mbele yangu mpaka nimeze. Dawa yake iliisha kabla ya yangu, maana alikula kidogo. Dokta akamruhusu aende. Mujukuu alikuwa hajamuona. Hakwenda. Alikaa miezi miwili zaidi kwa ajili ya mudomo wangu tu.

Tuliporudi Kabuta nilikuwa na robo moja kwa siku, magoti yanauma, lakini natembea. Chisha alibeba mizigo. Barabara yote nilikuwa najaribu kufikiria ule uso mudogo, kila mara natengeneza mwingine.

Tulipofika mulangoni mama mukwe akasimama. Mimi nikampisha, maana ni mama. Akanisukuma mugongoni na mukono.

"Pita wewe, umuone mutoto. Mimi namjua aliyemuzaa."

Mutoto aliniona na mashavu yangu, akalia mpaka majirani wakaja. Mwansa alicheka, kisha akaacha kucheka, akanishika vidole kimoja kimoja.

Sasa Mwansa na mama yake hawapo. Mimi niko Lubumbashi kwa watoto, hapa hakuna ziwa. Ugonjwa haukuniacha, tumezeeka pamoja. Nguvu ya ile wiki ya kwanza siitamani sana. Wangeniambia nichague siku moja nirudishiwe, ningechukua ile ya barabara ya Kabuta, kabla hatujafika.

Nilichojifunza ni hiki. Dawa hii haiachwi kwa hasira wala kwa haraka, na haigawiwi, hata kwa mutu usiyeweza kumunyima. Dada, rudi kwa dokta wako, mwambie umechoka, akushushe yeye. Na utafute mutu mumoja akae mbele yako mpaka umeze.

Nyinyi muliowahi kushushwa, nani alikaa na nyinyi? Andikeni hapa chini. Ninasoma polepole, lakini ninasoma yote.