Siku Povu Lilipokosekana Mtoni

Jamani, kuna siku maji ya mto wetu yalipimwa yakakutwa safi. Watu wakapiga makofi. Mimi tangu siku hiyo sijapoa.

Ngoja niwape mwanzo.

Mimi ni mmoja wa wale wa kujitolea wanaopima maji ya mto. Hatupewi hata nauli. Kila Jumamosi asubuhi tunashuka na chupa, tunazisuuza kwa maji ya mto wenyewe, tunachota, tunatikisa. Povu likikaa juu, kuna sabuni.

Chini ya kituo changu kuna nyumba za watu wanaochota maji hayo hayo ya kunywa. Kwa hiyo si mchezo.

Na kituo changu hakikukosa povu. Kiongozi wetu, fundi bomba mstaafu, akawa anakuna kichwa. "Sabuni yote hii inatoka wapi?"

"Kwa mama yangu," nikamwambia. Sikumficha.

Mama alikuwa dobi. Alifulia watu nguo kwenye jiwe lake pale mtoni tangu sijazaliwa. Kanilea kwa jiwe hilo.

Jumamosi moja akaja kutuchungulia, mikono kiunoni.

"We mtoto, yaani mnasuuza chupa kwa maji machafu, halafu ndiyo mnapima? Mimi nikifua hivyo wateja si watanirushia mashati usoni!"

Fundi akacheka mpaka akakaa chini.

Mama akaichukua chupa, akaitikisa mwenyewe. Povu likapanda. Akaliangalia weee.

"Hili langu?"

"Lako, mama."

"Na wale wa kule chini wanakunywa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanirudishia chupa, akaondoka bila utani. Mama yangu huyu! Bila utani!

Mimi nimeolewa upande wa pili wa mji, kwa hiyo wiki nzima hatukuonana.

Jumamosi iliyofuata nikatikisa chupa. Hakuna kitu. Nikatikisa tena. Maji meupe, yametulia. Jiwe la mama lilikuwa kavu.

"Mama yako mwanamke wa shoka!" fundi akapiga kelele. Wote wakashangilia.

Nikapanda kilima mbio, chupa mkononi, nikamwonyeshe.

Nilimkuta njiani, karibu kabisa na mlango wake. Amelala kifudifudi. Ndoo moja imemwagika. Nyingine imesimama pembeni yake, imejaa.

"Mama! Amka, mama, maji yamekuwa safi!"

Ndiyo maneno yaliyonitoka. Mkono wake ulikuwa umeshapoa.

Nyuma ya nyumba nikaona shimo jipya, kalijaza kokoto, la kumwagia maji ya sabuni. Nguo za wateja zilikuwa kwenye kamba, bado zinadondosha maji.

Jirani akaniambia huku analia: "Wiki nzima anapandisha ndoo kile kilima. Nikamwambia, dada, mwite mwanao akusaidie. Akasema, 'Asijue. Jumamosi nataka nimshangaze.'"

Alinishangaza kweli.

Daktari akasema ni moyo.

Ndugu zangu, jambo lililowashinda likikaa sawa ghafla, msianze na makofi. Ulizeni kwanza nani kaubeba mzigo, mkampokee ndoo angali anapumua.

Bado napima. Kila Jumamosi maji ni safi, na fundi anafurahi. Mimi naitikisa ile chupa mpaka mkono unachoka, natafuta povu la mama.