Tekla na Akina Mama wa Vitabuni

Wifi yangu Tekla husoma riwaya kwa hasira. Anasoma kama mtu anayechambua mchele wa kununua, anatafuta mawe. Tangu Januari amemaliza nne, zote za kuazima maktaba ya parokia hapa Ifakara, na zote amenisimulia kibarazani kwake Lipangalala, nitake nisitake.

Ya kwanza ilikuwa ya tajiri aliyefilisika. Mtu amekaa siku tatu bila kula, anapewa ugali, anakata tonge dogo na kutafakari maisha. "Mwandishi huyu hajawahi kulala njaa," Tekla alisema. "Mwenye njaa hatafakari, wifi. Anaungua ulimi." Ya pili ilikuwa ya mapenzi. Hiyo aliipenda, ila alilalamika kwamba katika kurasa mia mbili hakuna aliyefua nguo hata mara moja.

Ya tatu ndiyo iliyoharibu mambo. Humo mtoto anashikwa na homa. Mama yake anaacha sufuria jikoni, anamnyakua na kukimbia naye hospitali miguu peku. Mtoto anakufa, na mama anasema maneno mazuri kurasa mbili nzima. Tekla alikirusha kitabu uani, kuku wakatawanyika.

"Wote wanakimbia!" alisema. "Kila kitabu, mama anakimbia. Hakuna aliyechelewa? Hata mmoja?"

Nilijua anachotafuta.

Miaka tisa iliyopita tulikuwa tumehamia shamba, bondeni upande wa Mchombe, kama watu wa huku wanavyohama kila msimu wa mpunga. Kaka yangu Ignas, mumewe Tekla, alikuwa Malinyi kwa uvuvi. Mpunga ulikuwa kwenye maziwa, punje bado laini, na ndege wa kwelea kwelea walikuwa wanashuka makundi kwa makundi. Ukishuka kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia ndege, kwa saa moja tu, chakula cha mwaka kimeliwa. Asubuhi hiyo Digna, binti yao wa miaka sita, aliamka na homa. Kufikia saa tisa alasiri alikuwa anaweweseka. Tekla alitaka kumpeleka zahanati, mwendo wa saa mbili, sehemu nyingine maji ya magoti.

Mimi nilikuwa nawinga ndege kwenye dungu la pili. Nikampigia kelele, "Ngoja ndege walale kwanza!"

Ndivyo tunavyosema wote kule. Mgeni akija, ngoja ndege walale. Mkigombana, ngoja ndege walale. Lilinitoka tu mdomoni, hata sikuliwaza. Tekla akangoja. Akawinga mpaka saa kumi na mbili, mtoto amelala kwenye kivuli chini ya dungu, kisha tukaondoka naye mgongoni. Muuguzi ndiye aliyefungua kanga. Digna alikuwa ameshapoa, hapumui tena.

Mpunga wa mwaka ule tulivuna vizuri sana. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa miaka yote tisa Tekla hakunilaumu, wala hakuitaja siku hiyo. Alisoma tu. Alimtafuta mama aliyechelewa kama yeye, aone mwandishi atamfanya nini. Nami niliogopa asije akampata, maana akishamaliza kumhukumu huyo, angenifikia mimi.

Mwezi uliopita alimpata, katika riwaya ya nne. Mama anauza samaki sokoni, mtoto anaugua, mama anasema ngoja nimalize beseni hili kwanza. Tekla alinipigia simu asubuhi. Nilimkuta amekaa mkekani, kitabu mapajani, kidole kati ya kurasa.

"Shikamoo, wifi," nilisema, kwa kuwa kanizidi umri. Hakuitikia.

"Zimebaki kurasa kumi na moja, Scolastica. Nisomee wewe. Macho yangu yanagoma."

Macho yake ni mazima kabisa. Nikasoma. Mama anauza samaki wa mwisho, anaosha beseni, ndipo anambeba mtoto. Daktari anamwambia amechelewa mno. Hapo nilisita. Nilitamani, Mungu anisamehe, mtoto yule afe, ili wifi yangu naye apate mwenzake duniani, hata kama ni wa kwenye karatasi.

Hakufa. Ukurasa wa mwisho anaketi kitandani na kuomba uji.

"Kumbe alipona," Tekla alisema. "Hebu soma tena."

Nikasoma tena. Alipona tena.

"Na huyu alichelewa kuliko mimi?"

"Mmelingana tu, wifi."

Aliniangalia usoni. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na heri ingepanda.

"Mimi nilikuwa nimeshamfunga mgongoni."

"Najua."

"Nilikuwa nimeshamfunga, Scolastica. Nimeshaanza kutembea. Ukaniita, nikarudi, nikamfungua."

Miaka tisa nimejisimulia kwamba alikuwa anataka tu kuondoka, na hata hapo juu nimeliandika hivyo hivyo. Lakini nilimwona. Kutoka juu ya dungu nilimwona tayari yuko njiani, kichwa cha Digna kinayumba begani kwake, na nikamwita.

"Ndiyo," nilisema. "Nilikuita."

Alikichukua kitabu mkononi mwangu, akaingia ndani. Tangu siku hiyo nimekwenda mara tatu. Hodi yangu huitikia, lakini mlango hafungui.