Ndala Mdomoni

Kama ulikuwa na simu janja masika yale, huenda nawe ulinicheka. Mimi ndiye yule mwanamke aliyeuma ndala mbele ya mkutano wa mtaa.

Wengi hawajui kwamba pale nilikuwa nazungumza. Klipu iliyosambaa ilikuwa fupi, na aliyeitengeneza aliondoa sauti yangu akaweka muziki wa singeli. Kinachoonekana ni mtu mzima, gauni limekunjwa juu ya magoti, mgongo umeinama, ndala za bluu zimebanwa kwa meno, anarukaruka kama kuku aliyekanyaga makaa. Basi.

Kwetu Misugusugu kulikuwa na korongo lililokata njia ya kwenda shule ya msingi. Kiangazi unalivuka bila hata kulifikiria. Masika yakianza, maji yanashuka kwa nguvu, na wazazi tunabeba watoto mgongoni. Nafanya kazi masjala katika ofisi moja pale Kibaha. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimvusha mwanangu mdogo, mikono yote miwili imemshika yeye, ndala nimeziuma kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuziweka. Mwaka hadi mwaka tuliambiwa kalavati lipo kwenye mpango.

Siku ya mkutano, mwenyekiti wa mtaa alifika kwenye habari ya korongo akasema wananchi tuwe na subira. Nikanyoosha mkono. Mimi si msemaji. Kazini naweza kumaliza siku nzima nikiongea na mafaili. Nilieleza, sauti ikaanza kutetemeka, na mwenyekiti akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mama, hayo maji yanafika wapi hasa? Si ya kwenye vifundo tu?"

Hasira ikanipanda. "Ngoja nikuonyeshe, mwenyekiti."

Nikakunja gauni, nikavua ndala nikaziuma, nikainama kana kwamba nina mtoto mgongoni, nikavuka uwanja mzima hadi kwenye meza yake. Watu walipiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Simu niliziona zimeinuliwa. Nilidhani wanachukua ushahidi.

Kesho yake ofisini mwenzangu alikuwa anacheka peke yake. Aliponiona akanyamaza, kisha akashindwa, akanigeuzia simu. "Dada, huyu si wewe?"

Nilitazama mapaja yangu yakicheza singeli. Nikasema, "Ndiyo mimi," nikaenda kusimama nyuma ya makabati ya mafaili.

Baada ya hapo zikaja stika. Kwenye kundi la wasapu la wazazi wa sekondari anakosoma binti yangu, mwalimu aliuliza nani atachelewa kikao, na mama mmoja akajibu kwa picha yangu, ndala mdomoni, bila kujua kwamba nimo humo humo. Wengine wakacheka. Mimi nami nikaweka kikatuni cha kucheka, ili nisijulikane. Ofisini nikaanza kuvaa barakoa, nikisingizia mafua.

Binti yangu, yuko kidato cha pili, alirudi kutoka shuleni siku moja, akaweka begi chini, hakutaka kula.

"Mama, ungeongea tu. Kwa nini ulikunja gauni?"

"Nilikuwa naonyesha maji yanapofika."

"Maji yenyewe hayaonekani, mama. Unaonekana wewe."

Nikachukua sahani yake nikaifunika.

Hata hivyo, klipu ileile ndiyo iliyoleta katapila. Kijana mmoja mwenye wafuasi wengi mtandaoni aliitafuta video ndefu ya mkutano, yenye maneno yangu, akaiweka na kuuliza korongo hili liko wapi. Watu wasiowahi kukanyaga Misugusugu wakauliza nao, siku baada ya siku, hadi wahusika wakaja kupima. Kabla mvua hazijarudi, kalavati lilikuwa limekamilika. Miaka yote tuliyoomba kwa adabu hatukupata hata kifusi.

Siku ya kulizindua, mwenyekiti alikuja nyumbani mwenyewe. "Mama, wageni wanakuja, wewe ndiye mwenye shughuli. Na kama hutajali, uje na zile ndala."

Nilikwenda. Nilivaa dera refu, na viatu vya kufunika miguu. Nilijiambia nitashukuru, nitapiga picha, nitaondoka. Lakini hotuba zilipokwisha, mtu akaita, "Ndala!" Wakapokea wengine, "Ndala! Ndala!" Hawakuwa na ubaya. Walikuwa majirani zangu, watu tuliovushiana watoto. Mgeni mmoja alitabasamu, simu mkononi. Mwanamke mmoja akavua zake akanipa. Nikaona nikikataa nitaonekana sina shukrani. Nikaziuma. Zilikuwa na mchanga. Nikavuka juu ya zege kavu, nimeinama, na umati wote ukashangilia.

Nilipoinua macho nilimwona binti yangu pembeni ya watu. Aligeuka akaondoka. Sijawahi kuona aibu kama ile. Mara ya kwanza nilisukumwa na hasira. Mara hii nilikuwa nachekesha tu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumwona mama yangu kijijini Mzenga, kule Kisarawe. Nilimkuta uani anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikachukua kisu nikamsaidia. Tukaongelea mvua, tukaongelea mgongo wake unaomsumbua. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Walinionyesha kwenye simu. Nikawaambia, huyo si mwanangu."

Niliendelea kumenya. Machozi yalinijia, nikayaacha.

"Pale ulikuwa unasema nini?" akauliza. "Maana mdomo unachezacheza kabla ya kuzitia hizo ndala. Mimi nimesikia ngoma tu."

Ile yenye maneno haikufika Mzenga. Nikamweleza yote, korongo, mjukuu wake mgongoni, swali la mwenyekiti. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mbona hayo hayamo?"

"Waliyatoa, mama."

"Wakabakisha miguu." Akatikisa kichwa. "Na kivuko wamejenga?"

"Wamejenga."

"Haya," akasema, akanisogezea mihogo mingine. Nilingoja aseme kwamba atakwenda kuwaambia majirani kuwa mimi ni mwanawe. Hakusema, nami sikumwomba.

Binti yangu siku hizi anaongea nami vizuri, ila hilo hatuligusi. Mwanangu mdogo anavuka mwenyewe, miguu mikavu, na asubuhi ya mvua namtazama hadi apotee kwenye kona. Nafurahi. Kisha nakumbuka jinsi kalavati lilivyopatikana, uso unapata moto.

Juzi tulikuwa na mkutano mwingine, juu ya taka zinazotupwa nyuma ya soko. Nilikuwa na la kusema, tena nililipanga vizuri kichwani. Nilikaa safu za nyuma, nikanyoosha mkono, na mwenyekiti akaniona. Watu wakageuka. Simu ya kwanza ilipoinuliwa, nikaushusha mkono, nikajifanya natengeneza mtandio.

Taka bado zipo. Nazipita kila asubuhi nikienda kazini.