Siku Mama Mkwe na Mimi Tulipokaa Chumba Kimoja

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kupanga vitu na kusahau watu. Mke wangu alipokuwa na mimba ya kwanza, nilijisomea kitabu cha zamani cha Kifaransa cha wazalishaji, yaani wakunga, kisicho na jalada, nilichokipata sokoni, nikakifuata kama katekisimu. Vitenge nilivipiga pasi ya makaa pande zote mbili. Wembe na uzi nilivichemsha, halafu nikaingiwa na wasiwasi kwamba kifuniko cha sufuria hakikuwa safi, nikavichemsha tena. Mke wangu alinitazama huku ameshika tumbo, akacheka hadi akaomba kiti.

Mama yake alikuwa amekimbia vita kutoka Djugu, akawa anakaa kwetu, mtaa wa Rwambuzi. Katika ukoo wetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni, na nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu. Akiingia mbele, mimi natoka nyuma. Salamu zilipitia kwa mke wangu, hata habari ya chumvi. Nami desturi hiyo niliifuata kwa bidii yangu ya kupita kiasi: nikisikia tu kikohozi chake, tayari niko uani.

Mpango wangu ulikuwa ajifungulie maternite, hospitali ya uzazi, ambako shangazi zake wangemsaidia. Lakini uchungu ulipoanza, asubuhi, risasi zilikuwa zikilia upande wa njia hiyo, na shangazi walikuwa ng'ambo ya vizuizi. Nilikimbia nimeinama, nyuma ya nyua za watu, hadi kwa mzalishaji aliyekaa nyumba chache kutoka kwetu. Alikuja na glavu mfukoni, na njiani akanilaumu kwamba ninapumua vibaya kuliko mwenye uchungu.

Alipompima mke wangu alisema mtoto ameelekea vizuri, lakini mama amechoka na kulala chali hakumsaidii. Alitaka achuchumae. Mama mkwe alikuwa mbele, amemshika mikono; alihitajika mtu wa kumwegemeza nyuma. Mimi nilikuwa nje ya mlango, nimeuelekea ukuta.

"Weye bwana, ingia," mzalishaji aliniita.

Nikamwambia mama mkwe yuko ndani.

"Namuona. Aibu utasikia kesho. Leo shika bibi yako mugongo."

Niliingia nimefumba macho, nikagonga beseni. Nikapiga magoti nyuma ya mke wangu, nikampitishia mikono chini ya makwapa. Nilipofumbua macho, uso wa mama mkwe ulikuwa mbele yangu, juu ya bega la binti yake. Sikuwa nimewahi kujua kwamba wanafanana macho.

Mtoto alitoka kimya. Mzalishaji alimfuta kwa kitenge, akamsugua mgongo, akamsugua tena. Nikamkodolea macho mtoto, mikono yangu ikaanza kulegea. Ndipo mama mkwe aliponisemesha kwa mara ya kwanza, akiniita kama wakwe wanavyoitana kwetu.

"Bokilo, usiachilie bibi yako. Mutoto iko na mutu wa kumuangalia. Weye angalia huyu."

Nikamkaza mke wangu. Kisha mtoto akakohoa, akalia kwa hasira, na mzalishaji akasema binti huyu atagombana na baba yake kila siku. Mama mkwe akacheka, nami nikacheka, uso kwa uso, halafu sote wawili tukaona haya, tukatazama chini.

Baadaye, kwa desturi, ilinibidi nitoe kuku wa kuosha aibu ya siku ile. Mama mkwe alimpika mwenyewe, akaagiza niletewe mapaja yote mawili. Mke wangu alilalamika kwamba aliyezaa ni yeye.

Desturi tuliirudia, lakini si yote. Mpaka leo hatuli pamoja. Ila tunasemezana wenyewe, na mimba ya pili ilipokuja, kabla ya jambo lolote lingine nilimuuliza mama mkwe, kwa mdomo wangu, kama atakuwepo.