Sufu ya Kijani

Siku hiyo nilikwenda Makenke, kambi ya jeshi, kumpelekea mke wa mwanajeshi blanketi la kichanga chake nililolifuma. Nilikusudia kurudi Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, kabla ya jioni, maana mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na mume wangu alikuwa akiningoja tupande maharage.

Lakini kwenye kamba ya nguo palianikwa sweta. Lilikuwa kubwa, la kiume, viwiko vimetoboka, rangi yake kijani kizito kama majani ya kwetu milimani, Kivu, yakiwa bado na umande. Nikalishika. Sufu halisi ya kondoo, si hizi nyuzi za plastiki zinazolia kwenye sindano. Nikageuza mshono wa ubavuni. Halikukatwa kwa mkasi. Lilifumwa kipande kwa kipande. Basi lingefumulika, na uzi ungetoka mzima.

"Nyabo," mke wa mwanajeshi akaniita kutoka mlangoni, "wewe nakuja kuleta blanketi ama kuangalia nguo ya mzee?"

"Mama, iyi triko bado anaivaa?"

"Hapana. Imezeeka. Mimi nataka pangusa nayo nyumba."

"Usifanye vile, nakuomba. Unipatie."

Akanitazama, kisha akatabasamu kama mtu aliyeona mlango wazi. "Watoto yangu iko tatu. Fanyia wao sweta ya shule, uzi mimi nanunua. Ukimaliza, chukua hii."

Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Hakutaka uzi wake uende mbali, basi nikapata pa kulala Biharwe, karibu na hapo, kwa mama mmoja tuliyesali naye kanisa moja huko Kivu. Nikampigia mume wangu simu.

"Nitakawia kidogo."

"Mvua iko karibu, mama watoto."

"Najua."

Mvua ikanyesha kesho yake. Nilifuma tangu alfajiri, vidole vikivimba. Kila tone juu ya bati lilinipigia kelele za jembe. Nilisimama, nikaenda dirishani kutazama malori ya barabara ya Masaka, nikarudi kukaa. Mara mbili nilikunja kazi niondoke, na mara mbili nikaikunjua. Mwenyeji wangu akaniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Nikaona haya kumwambia kwamba ni uzi tu.

Niliporudi na lile sweta, siku nyingi baadaye, mume wangu alikuwa amelala kifudifudi, mgongo umekataa.

"Nimepanda peke yangu," alisema. "Fasi ya chini imebaki. Sikuiweza."

Ile sehemu ya chini ndiyo yenye udongo mzuri. Niliipanda mimi, nikiwa nimechelewa. Mvua ikakatika mapema, na maharage yale yakanyauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Miezi iliyofuata tulikula ugali kwa majani, na mume wangu hakunisema. Afadhali angenisema.

Sweta nilikuwa nimeshalifumua. Uzi niliuosha, nikauning'iniza na jiwe ili unyooke, nikauzungushia mikononi hata usipohitaji kuzungushwa. Nilianza kofia, nikaifumua. Nikaanza fulana ya mume wangu, akakataa: joto lote hili, ataivaa wapi? Mwishowe nikafuma mtandio, wangu mwenyewe, na kuuvaa kanisani Base Camp, katikati ya kambi, huku jasho likinitiririka mgongoni.

Baada ya ibada, mwanamke mwenye duka sokoni akaukamata upindo. "Dada, uniuzie. Taja bei."

"Siuzi."

Mume wangu alikuwa nyuma yangu. Tulitembea hadi nyumbani, akafungua mlango, akakaa.

"Ungeuza, tungenunua mbegu."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Nikauvua mtandio, nikampa. Aliushika muda mrefu, akiupitisha kati ya vidole vyake vyenye sugu.

"Ni laini kweli," alisema, akanirudishia.

Msimu huu tumepanda mapema, sote wawili, mpaka chini kabisa. Lakini juzi mtu ametoka Mbarara, anasema kwenye mitumba ameona gunia la masweta mekundu. Tangu asubuhi nimefagia uwanja mara mbili, macho kwenye njia ya Mbarara.