Ngemi Tano za Lynn

Mimi Wangechi sijui kuzungusha maneno. Watiri wa Mukurweini ni mkaidi, na kama si ukaidi wake nisingekuwa na cha kuwasimulia. Ana ng'ombe wawili, migomba nyuma ya nyumba, kahawa kidogo, na mabinti wanne. Mvulana hana. Maneno yalianzia hapo.

Kwetu mtoto akizaliwa akina mama hupiga vigelegele, sisi tunaviita ngemi. Mvulana tano, msichana tatu. Anayeanzisha ni mama mkwe, mwenye boma. Kabla hajaanza, wewe jirani unafunga mdomo hata kama furaha inakukaba. Sasa Watiri alipotoka hospitali na binti wa nne, Lynn, tulikuwa tumejaa langoni tukimngoja mama mkwe wake, Magdaline. Huyo mama alikuwa amengoja miaka na miaka mjukuu wa kiume arudishe jina la marehemu mumewe, Mutahi. Akafunua shuka, akamtazama mtoto, akasema chai iko jikoni, akaenda kukatia ng'ombe majani. Tukainywa hiyo chai. Ngemi haikupigwa hata moja.

"Wangechi," Watiri aliniambia jioni hiyo, "mtoto yangu ameingia kwa hii boma kama mwizi. Hii maneno sitaiacha."

Na hakuiacha. Lynn alipoanza shule, Watiri alitunga mchezo wa kuigiza, mchezo mzima wa nyimbo, akatukusanya akina mama wa kanisa tuucheze. Mimi nilikuwa mkunga. Mwishoni msichana anazaliwa na tunampigia ngemi tano. Ndiyo, msichana, tano. Siku ya kwanza kabisa, Mzee Ngatia wa kanisa alisimama katikati ya watu akasema tunaharibu mila. Watiri akamjibu akiwa jukwaani na leso yake ya mchezo: "Mzee, wewe ulipigiwa tano. Umezifanyia nini?" Watu walicheka mpaka mzee mwenyewe akaketi akicheka.

Tuliupeleka mchezo Sagana, tukaupeleka Endarasha, tukaucheza kwenye kumbi za shule na za kanisa. Tukifika kwenye zile tano, akina mama walisimama wakapiga pamoja nasi, na wanaume wakagonga viti. Kuna Mwanasiti anayeuza nguo Nyeri mjini, huyo alitufuata kila mahali, na kigelegele chake kilifunika vyetu vyote. Magdaline peke yake hakuja. Alikuwa na mguu unaouma, alisema. Mguu huohuo ulikuwa unafika sokoni vizuri sana.

Halafu akaja Mburu, kijana wa Endarasha aliyesomea filamu, akaomba kuugeuza mchezo wetu uwe sinema. Watiri alikubali. Alisema magoti yetu yatachoka lakini filamu haichoki. Waigizaji walitoka Nairobi, wasichana wazuri, na nyimbo zetu zikaimbwa na watu wasiojua baridi ya Mukurweini. Hilo tulilimeza.

Wiki ya kuonyeshwa Nyeri, Mburu alimpigia Watiri simu. Nilikuwa karibu, nikasikia yote.

"Mama, nimeweka ngemi tatu. Nimefanya utafiti, mila inasema tatu. Hii filamu itaonwa na watu hawatujui, wasiseme tumekosea."

"Nimesikia," Watiri akasema, akakata simu.

Mburu aliridhika, maskini. Mama wa kwetu akikwambia nimesikia, hajakwambia nimekubali. Watiri alifunga leso kiunoni akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake.

"Mama, Jumamosi tunaenda Nyeri."

"Mimi niko na mguu."

"Tutaubeba."

Jumamosi tulijaza pikapu mbili. Mwanasiti alikuwa ametuwekea viti vya mbele, na Lynn, mtu mzima sasa, aliketi kati ya mama yake na nyanya yake. Taa zikazimwa, na Mburu nyuma yetu akawasha mashine ya filamu. Watu wa kwetu hawajui kutazama kitu kimya. Wimbo wa kwanza ulipoanza ukumbi wote uliimba, na tuliimba haraka kuliko filamu, tukamaliza kabla yake. Msichana wa Nairobi akachuma kahawa mbichi, mtu nyuma akamwambia, "Wacha hiyo, bado." Kijana wa mlangoni akatuomba tunyamaze. "Tunyamaze kwani ni matanga?" akauliza mwingine, na hata matangani tunaimba.

Kisha mtoto akazaliwa. Ngemi ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu likaingia gitaa na mtoto akawa anaoshwa. Tulibaki vinywa wazi tukiwa na ya nne kooni. Hasira ilinipanda, siwafichi. Yaani tuzunguke miaka yote hiyo, halafu binti yetu apunguziwe mbele ya macho yetu?

Watiri akasimama. Kivuli cha kichwa chake kiliingia kwenye picha. Akapiga ya nne, ndefu, peke yake. Tulipovuta pumzi kumsaidia ya tano, akainua mkono.

"Ngojeni. Mburu, simamisha hiyo kitu."

Picha ikasimama pale pale kwenye uso wa mtoto. Watiri akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, ya tano ni yako. Lynn huyu hapa."

Ukumbi wote ulimsikia. Magdaline akavuta shali yake. "Watiri, mimi sina meno."

"Hii haitaki meno."

"Mama, tafadhali," Mburu akasema kutoka kwenye mashine yake, "watu wamekuja kuona filamu."

"Keti, mwanangu," Mwanasiti akamwambia. "Hiki ndicho walichokuja kuona."

Magdaline alimtazama Lynn. Nilidhani msichana atamwonea huruma, amwambie nyanya yake wacha tu shosho, kama wasichana wenye adabu wanavyosema. Hakusema. Alikaa ameinua kidevu, akangoja, na mimi nilimpenda sana saa hiyo. Mama yule akashika bega la mjukuu wake, akasimama juu ya mguu wake mbovu, akapiga ngemi. Ilikuwa nyembamba na ilikatika katikati, akaishika tena akaimaliza.

Tukaruka. Viti vilianguka, wanaume wakagonga kila kitu, Mwanasiti akatupasua masikio. Watiri alikuwa analia waziwazi bila kujipangusa. Tulipochoka tukaanza kuketi, lakini Magdaline hakuketi. Alikuwa bado ameshika bega la Lynn, na alikuwa anamtafuta Mburu gizani.

"Wewe kijana," akasema. "Rudisha nyuma mpaka pale mtoto anazaliwa. Mwenye boma ni mimi. Naanza mimi."

Mburu akarudisha.